Kadi Iliyosomwa Kwenye Simu

Kwa miaka kumi na tisa mwanamke huyu alishika kanuni moja kazini: hakuna karatasi inayokwenda mashineni kabla haijasomwa na watu wawili, mmoja akitamka kwa sauti kutoka kwenye muswada, mwingine akifuata kwa rula kwenye prufu, nakala ya majaribio iliyochapwa. Mwaka wa ishirini aliivunja. Aliivunja mchana kweupe, akiwa na akili zake timamu, na hakuna aliyemshika mkono. Naanza na hilo kwa sababu waliomwonea huruma baadaye walipenda kusema kwamba simu ndiyo iliyomponza. Simu haikuwa imeajiriwa kusoma. Yeye ndiye aliyeajiriwa.

Kiwanda chao cha uchapaji kilikuwa jengo refu la bati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi. Mbele kaunta, katikati mashine mbili, nyuma ghala la karatasi, na ubavuni chumba kidogo chenye meza moja, viti viwili na dirisha linalotazama ukuta. Hicho ndicho kilikuwa chumba cha prufu. Walikaa humo watu wawili, yeye na mwanamume mfupi mwenye kifua kipana ambaye kiwanda kizima kilimwita Sauti. Sauti alitamka kila kilichokuwamo kwenye karatasi, si maneno peke yake. "Fungua mabano. Moja, tisa, nane, nne. Funga mabano. Nukta." Naye, rula ikiwa chini ya mstari, alijibu "nukta" kila sentensi ilipokwisha, ili mwenzake ajue kwamba wako pamoja. Wapiga chapa waliokuwa wakipita mlangoni wakisikia nukta, nukta, kutwa nzima, wakampa jina la Mama Nukta. Hakulichukia.

Sauti ndiye aliyemleta pale. Alikuwa rafiki wa marehemu mumewe, aliyefanya naye kazi kwenye mashine moja mpaka mume alipolala kwa maradhi ya mapafu asiamke tena. Mwezi haujaisha, Sauti alimwingiza mjane ofisini kwa mzee mwenye kiwanda na kusema, "Huyu ni shemeji yangu. Anasoma kuliko sisi sote humu, na wewe mzee ukiwemo." Mzee alicheka, akampa kiti. Kwa kiti hicho alilea watoto wawili na kumtunza mama mkwe wake aliyekuwa hawezi tena kutoka kitandani bila kushikwa.

Alipotimiza miaka arobaini na minane macho yalianza kumsaliti. Tatu ikafanana na nane. Alibadilisha miwani, akabadilisha tena, na bado ilimlazimu kuisogeza prufu mbali, mbali zaidi, mpaka kiwiko kinyooke.

"Shemeji," Sauti alimwambia siku moja, "mkono umeisha. Sasa utashikia mguu?"

Walicheka, lakini yeye alicheka kwa mdomo tu. Msomaji prufu asiyeona ni kama dereva asiyeona; hakuna wa kumbakiza kwa ajili ya moyo wake mzuri. Mtoto wake wa pili, wa kiume, alikuwa amebakiza miaka mitatu chuo cha ufundi. Mama mkwe alikuwa anahitaji mtu na dawa. Alichokiogopa asubuhi hadi jioni kilikuwa kitu kimoja: siku atakayoitwa ofisini na kuambiwa kwa upole kwamba amechoka, akapumzike.

Wakati huohuo mzee mwenye kiwanda alikuwa amemwachia mwanawe usukani. Huyu alitaka aitwe Meneja, na alipenda kuuliza kila kitu kilikuwa na faida gani. Akauliza kwa nini kila kazi ichapwe prufu kisha karatasi ile itupwe. Akaagiza prufu zipelekwe kwenye simu. Mama Nukta alijaribu kwa simu yake ya siku zile, akarudi baada ya nusu saa ameshika kipaji cha uso.

"Bosi, herufi za humu zina ndevu. Nileteeni karatasi."

Meneja alinuna, lakini karatasi ikaletwa. Naomba msomaji asiichukulie siku hiyo kuwa ya ushujaa. Hakuikataa simu kwa sababu ya kanuni. Aliikataa kwa sababu kichwa kilimuuma.

Mwaka uliofuata binti yake, mtoto wa kwanza, aliyekuwa muuzaji katika duka la simu, alikuja nyumbani na kiboksi cheupe.

"Mama, hebu weka jicho hapa."

"Nini tena hicho?"

"Weka kwanza. Vua miwani kabisa."

Aliweka jicho. Herufi zilikuwa nyeusi, kali, kama zimekatwa kwa wembe. Hazikuwa na ndevu wala ukungu. Aligusa kioo kwa vidole viwili, herufi zikakua mbele yake kama unga ulioumuka, na bado kingo zake zilibaki kali.

"Kioo chake kina nukta nyingi mno," binti alieleza kwa sauti ile ya dukani. "Zimebanana mpaka jicho haliwezi kuziona mojamoja. Ndiyo maana unaona kama imechapwa."

"Basi nimepata mwenzangu," mama akasema. Akasoma gazeti zima la juma lililopita, matangazo ya viwanja mpaka ya kupotelewa na vyeti, na alipomaliza aliinuka akaingia jikoni ili binti asimwone anafuta macho.

Nataka kuwa mkweli hapa, kwa sababu wenzangu wa umri huu tunapenda kulaani kila kilichokuja baada yetu. Je, kioo kikali kilimrahisishia kusoma? Kilimrahisishia. Alichokuwa akikiona kwa kukunja uso sasa alikiona uso ukiwa umetulia, na maumivu ya kichwa yaliondoka. Aliyeniambia hivyo ni yeye mwenyewe, na sina sababu ya kumbishia. Lakini kuona herufi ni sehemu ndogo ya kazi aliyokuwa akilipwa kuifanya, na hilo alilijua kuliko Meneja, kuliko binti yake, kuliko mimi.

Meneja alipoiona simu ile mezani alifurahi kama mtu aliyeokota. Akaamua kufanya mtihani. Alichukua ukurasa wa kitabu cha hadithi, akaagiza utiwe makosa matano kwa makusudi, akamtumia Mama Nukta kwenye simu. Dakika kumi baadaye mama alirudi na makosa sita. La sita lilikuwa la kweli, na Meneja mwenyewe alikuwa halijui. Wapiga chapa walipiga makofi. Hata Sauti alipiga.

Kisha Meneja akamwita peke yake, akafunga mlango.

"Mama, niambie bila kuzunguka. Kwa kioo kama hiki, unamhitaji yule mzee Sauti wa nini?"

Mtu akiulizwa hivyo na bosi wake, hupiga hesabu kabla ya kujibu, na mama huyu alipiga ya kwake. Akisema anamhitaji Sauti, ataulizwa kwa nini. Akieleza kwa nini, mazungumzo yatafika kwenye macho. Na angeweza kusema neno moja la kweli bila kuyataja macho kabisa: kwamba watu wawili husoma kwa kuvuka mstari kutoka kushoto kwenda kulia, na mtu mmoja mwenye simu husoma kipande anachokiona. Neno hilo alikuwa nalo. Hakulitoa.

"Naweza peke yangu," akasema.

Sauti aliambiwa siku hiyohiyo. Alirudi chumbani kuchukua mto wake wa kiti, akasimama nao kifuani.

"Bosi anasema unaweza peke yako."

"Ndivyo alivyosema?"

"Ndivyo alivyosema. Sasa nakuuliza wewe, shemeji. Unaweza?"

"Siku hizi kila kitu kimebadilika."

"Sijakuuliza siku hizi."

Mama aliichukua simu mezani, akaiwasha. Sauti akasema, "Herufi utaziona. Sina wasiwasi na herufi. Ukurasa je? Kioo hicho, kiwe kikali namna gani, upana wake ni wa kiganja." Akaondoka na mto wake. Juma lile lile chumba cha prufu kilijazwa maboksi ya bahasha, na Mama Nukta akapewa kimeza kwenye kona ya ghala. Alipokaa pale hakuwa tena na wa kumwambia nukta. Jina likabaki hivyohivyo.

Miezi saba kazi ilikwenda vizuri. Vitabu vya hadithi, mialiko, ripoti, vitabu vya risiti. Maandishi ya kawaida hushuka tu, mstari juu ya mstari, na simu inayamudu. Kisha ikaja kadi.

Idara moja ya afya ilitaka kadi ya kutundikwa ukutani kwenye zahanati zake. Ilihusu sindano moja ya watoto wadogo, dawa nzuri lakini kali, ambayo kipimo chake hutegemea uzito wa mtoto. Safu ya kushoto ilikuwa ya uzito, kuanzia mtoto mwepesi kabisa hadi mzito, madaraja manane. Safu ya kulia ilikuwa ya vipimo, vinane vilevile, kila kimoja mbele ya uzito wake. Muuguzi angetafuta uzito, apeleke jicho kulia, avute dawa. Watu walikuwa wanaihitaji haraka.

Mpangaji kurasa alikuwa msichana hodari, mwepesi wa mkono, mpenda kurasa safi. Aliondoa mistari ya jedwali kwa sababu aliona inaifanya kadi ifanane na daftari la mahudhurio, akaweka kila safu kwenye kisanduku chake. Juu ya safu ya kushoto kiliandikwa kichwa kirefu, "Uzito wa mtoto", na kwa kuwa kisanduku kilikuwa chembamba kichwa kilijikunja kikawa mistari miwili. Juu ya safu ya kulia kiliandikwa "Kipimo", mstari mmoja. Basi safu nzima ya kulia ikapanda mstari mmoja. Kipimo cha kwanza kikasimama kando ya kichwa, ambapo hakuna mtoto. Kipimo cha pili kikasimama mbele ya uzito wa kwanza, cha tatu mbele ya wa pili, hivyo hivyo hadi chini. Kila mtoto akawa amepewa dozi ya mtoto mzito kuliko yeye, isipokuwa wa daraja la nane, ambaye mbele yake hapakubaki kitu, na watoto wazito hivyo ni wachache zahanati.

Saa nne asubuhi simu ililia kwenye kona ya ghala.

"Mama, kadi tayari iko kwako," alisema msichana. "Mashine imeshapakwa wino, wanakungoja wewe tu."

"Waambie wangoje, mashine haina mchumba wa kukimbilia."

"Haina, lakini Meneja anaye!"

Alicheka, akafungua kadi. Akaweka muswada mezani, akapanua kwa vidole viwili mpaka safu ya uzito ikajaa kioo. Akashuka nayo, tarakimu kwa tarakimu, akilinganisha na muswada. Yote sawa. Akasukuma kwa kidole gumba, safu ya kulia ikaingia, ya kushoto ikatoka. Akashuka tena. Vipimo vinane, kila tarakimu mahali pake, kila nukta ya desimali imekaa wima. Yote sawa. Hakukuwa na kosa hata moja katika safu yoyote. Kosa lilikuwa kati ya safu mbili, na safu mbili hazikuingia pamoja kwenye kioo.

Mwishoni aliurudisha ukurasa mzima kwenye udogo wake, autazame kwa jumla. Na hapa ndipo ninapokataa kuionea huruma simu ile. Kwenye simu ya zamani ukurasa mzima ungekuwa ukungu, naye angepiga kelele kama alivyopiga mwaka uliopita, nileteeni karatasi. Kwenye simu hii ukurasa mzima, mdogo kama pakiti ya biskuti, ulikuwa bado unang'aa, na kila tarakimu ilitambulika. Jicho halikuugua. Mtu asiyeugua hatafuti tiba. Aliuona ni safi, akaona kila kitu kipo, akaandika kwa kidole: "Sawa. Chapeni."

Kadi mia sita zilitoka kabla ya chakula cha mchana. Zilitundikwa kwenye kuta kwa miezi mitano.

Aliyegundua alikuwa muuguzi wa zahanati moja ya pembeni. Mama mmoja alikuwa amemrudisha kwake mtoto wa miaka miwili, mwepesi kwa umri wake, aliyechomwa sindano zile siku kumi mfululizo, akisema mtoto hageuki tena akiitwa jina. Muuguzi akapiga makofi nyuma ya kichwa cha mtoto. Akadondosha sinia la chuma sakafuni. Mtoto akaendelea kuchezea kifungo cha mama yake. Muuguzi akafungua kitabu cha mwongozo, akaenda ukutani, akaitoa kadi. Siku ya pili alikuwa kwenye kaunta ya kiwanda, kadi mkono mmoja, kitabu mkono wa pili.

"Nani aliisoma hii?" akauliza. Hakupandisha sauti.

Walimwita Mama Nukta ofisini. Aliomba rula. Meneja akampa ya kwake, ya plastiki. Akailaza kadi mezani, akaiweka rula chini ya uzito wa kwanza, akalipeleka jicho kulia. Hakuhitaji mstari wa pili. Akakaa chini bila kuambiwa.

"Mimi nilipanga, Mama," msichana alisema akilia, "lakini wewe ulipitisha."

"Nilipitisha."

Muuguzi alipotoka nje kupiga simu, Meneja alisogea karibu. "Tusikilizane. Muswada ulikuja hivyo. Walituletea hivyo, sisi tukachapa. Nani atajua?"

"Muswada upo kwenye droo yangu, bosi. Ni mzima."

"Droo ina mdomo?"

"Mimi ninao."

Wapo wanaomsifu kwa jibu hilo. Ni jibu zuri, na lilichelewa mwaka mmoja. Mdomo huohuo aliuhitaji siku mlango wa ofisi ile ulipofungwa na akaulizwa anamhitaji mwenzake wa nini.

Kadi zilikusanywa. Katika zahanati ile watoto watatu walikuwa wamechomwa kwa kufuata kadi. Wawili walipimwa wakaonekana salama. Yule wa tatu figo zake zilikuwa dhaifu tangu alipougua miezi ya nyuma, dawa ikakaa mwilini kuliko inavyotakiwa ikaua masikio, na daktari wa masikio alisema hakuna cha kurudisha. Idara iliondoa kazi zake zote kiwandani. Mama Nukta aliondoka kabla hajaitwa. Alimweleza binti yake juu ya macho, akamweleza na kijana wake wa chuo, aliyesimamisha masomo akaenda kubeba mizigo sokoni.

Alikwenda kwa Sauti, ambaye sasa alikuwa akilinda lango la bohari la saruji. Alimsimulia yote wakiwa wamesimama, na mzee akamsikiliza hadi mwisho akiwa ameshika fimbo ya lango.

"Mstari wa kwanza tu," Sauti alisema. "Ningetaja uzito kutoka kwenye muswada, nikataja kipimo, nawe ungeniambia hapana, siyo hicho."

"Najua, shemeji."

"Mstari wa kwanza."

"Najua."

"Basi nenda nyumbani. Ukikaa hapa nitasema maneno ambayo marehemu asingependa niyaseme." Akafungulia lori lililokuwa likipiga honi, akampa mgongo.

Kwa mama wa mtoto alikwenda peke yake pia. Chumba kimoja, kitanda, jiko la mafuta, sakafu ya mbao iliyonyanyuka pembeni. Mama yule alikuwa kijana, umri wa binti yake. Hakumpa kiti, hakumfukuza.

"Wewe ndiye uliyesoma?"

"Ni mimi."

"Ulisoma kweli, mama? Au ulitazama tu?"

"Nilitazama, mwanangu. Nilikuwa na simu nzuri, nikatazama vizuri sana."

Mama kijana aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeletewa kitu alichokwisha kukijua. Mtoto alikuwa amewapa kisogo, akipanga vifuniko vya chupa. Mama yake alinyanyua mguu akaupiga sakafuni mara mbili kwa nguvu. Ubao ukatetemeka, mtoto akageuka, akawatazama wote wawili.

"Ndivyo ninavyomwita," akasema.

Watu wanaponiuliza kama siku hizi, kwa vioo hivi vipya, kusoma kwenye simu kumekuwa rahisi, huwajibu kwamba ndiyo, kumekuwa rahisi. Halafu huwaambia habari za mwanamke huyu. Sauti alipoteza kazi katika kiwanda alichokitumikia kwa miaka thelathini. Kijana wa Mama Nukta hakurudi chuoni. Mtoto wa mwanamke yule ana miaka sita sasa, na hasikii kwa sikio lolote.